Teknolojia ya kwanta katika uzalishaji na ugavi

Teknolojia ya kwanta katika uzalishaji na ugavi ni matumizi ya kanuni za fizikia ya kwanta katika kazi za viwanda na katika mnyororo wa ugavi, yaani safari yote ya malighafi na bidhaa kutoka kwa mzalishaji wa kwanza hadi kwa mtumiaji wa mwisho. Kwa kawaida teknolojia hiyo hugawanywa katika makundi matatu: kompyuta za kwanta, vihisi vya kwanta na mawasiliano ya kwanta.

Makundi hayo hayajafikia hatua moja. Saa za atomu, ambazo hufanya kazi kwa kanuni za kwanta, zimetumika katika usafirishaji kwa miongo kadhaa, na vihisi vya aina nyingine vimeanza kuingia viwandani. Kompyuta za kwanta bado ziko katika majaribio. Mara nyingi husemwa kwamba zitapanga safari za malori na ratiba za mitambo vizuri kuliko kompyuta za kawaida, lakini jambo hilo halijathibitishwa. Tumaini lenye msingi imara zaidi wa kinadharia ni matumizi yake katika kemia, hasa kutafuta vichocheo, betri na malighafi mpya.

## Misingi

Fizikia ya kwanta inaeleza tabia za vitu vidogo sana kama vile atomu, elektroni na fotoni (chembe za mwanga). Tabia tatu ndizo muhimu kwa teknolojia hii:

* Hali mseto: chembe inaweza kuwa katika mchanganyiko wa hali mbili au zaidi mpaka itakapopimwa. Biti ya kompyuta ya kawaida ni 0 au 1. Kyubiti, ambayo ni biti ya kwanta, inaweza kuwa mchanganyiko wa 0 na 1.
* Mfungamano: chembe mbili au zaidi zinaweza kuunganishwa hivi kwamba hali ya moja haiwezi kuelezwa bila kuzitaja nyingine, hata zikiwa mbali.
* Wepesi wa kuathirika: hali ya kwanta hubadilika kwa sababu ndogo sana, kama vile joto, usumaku au mwanga kidogo.

Tabia ya tatu ina sura tofauti katika kila kundi. Kwa watengenezaji wa kompyuta ni kikwazo, kwa sababu huharibu hesabu. Kwa watengenezaji wa vihisi ni faida, kwa kuwa badiliko hilo dogo ndilo linalopimwa. Katika mawasiliano ni ulinzi, kwa sababu anayedukiza ujumbe huacha alama.

## Historia

Mwaka 1981 mwanafizikia Mmarekani Richard Feynman alitoa hoja kwamba kompyuta za kawaida haziwezi kuiga vizuri maumbile ya kwanta, na kwamba ingefaa kuunda kompyuta inayofuata kanuni zilezile za kwanta. Mwaka 1985 David Deutsch wa Chuo Kikuu cha Oxford alieleza kinadharia jinsi kompyuta ya namna hiyo inavyoweza kufanya kazi.

Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha algoriti ya kwanta inayoweza kugawa namba kubwa katika vigawo vyake tasa kwa haraka. Miaka miwili baadaye Lov Grover alitoa algoriti ya kutafuta kitu kimoja kati ya vingi visivyopangwa. Kazi ya Shor iliamsha serikali na kampuni, kwa kuwa usalama wa mawasiliano mengi ya kompyuta unategemea ugumu wa kugawa namba hizo.

Mwaka 2011 kampuni ya D-Wave Systems ya Kanada iliiuzia Lockheed Martin, kampuni ya Marekani inayotengeneza ndege na silaha, mashine ya kwanta ya aina ya pekee. Mwaka 2016 IBM iliweka kompyuta ndogo ya kyubiti 5 kwenye intaneti ili watu wa nje waweze kuijaribu. Mwaka 2019 Google ilitangaza kwamba mashine yake ya kyubiti 53, iitwayo Sycamore, ilimaliza kwa sekunde 200 hesabu ambayo kompyuta kuu ingehitaji miaka 10,000. IBM ilipinga ikisema kompyuta kuu ingeweza kuimaliza kwa siku mbili na nusu. Hesabu yenyewe ilichaguliwa kwa ajili ya jaribio tu na haikuwa na faida kiwandani.

## Kompyuta za kwanta

### Upangaji wa njia na ratiba

Maswali mengi ya ugavi ni ya kuchagua mpangilio bora kati ya mipangilio mingi: lori lipite wapi kwanza, kontena lipi lipakiwe juu ya lipi, gari lipi liingie kwanza katika karakana ya rangi. Idadi ya mipangilio hukua haraka mno. Lori lenye vituo 10 vya kushusha mzigo lina mifuatano 3,628,800. Likiwa na vituo 20, mifuatano inazidi bilioni bilioni mbili.

Kutokana na ukuaji huo, watu wengi hudhani kwamba kompyuta ya kwanta itajaribu mifuatano yote kwa wakati mmoja na kutoa jibu bora. Dhana hiyo si sahihi. Kyubiti zikipimwa hutoa jibu moja tu, na bila algoriti inayoimarisha jibu sahihi na kufifisha majibu mengine, jibu hilo huwa la kubahatisha. Algoriti ya Grover hupunguza kazi, lakini kwa kiasi: penye chaguo milioni moja huhitaji takribani hatua elfu moja. Wataalamu wengi wa nadharia ya hesabu hawatarajii kwamba kompyuta ya kwanta itatatua kila tatizo la namna hii kwa haraka.

Kwa upande mwingine, mbinu za kawaida zimeendelea sana. Mwaka 2006 wanahisabati wanaotumia programu iitwayo Concorde walithibitisha njia fupi kabisa ya kupitia vituo 85,900, katika tatizo lililotokana na utengenezaji wa saketi za kielektroniki. Hawakujaribu njia zote. Walitumia hisabati kuondoa kwa mafungu zile zisizoweza kuwa bora. Kwa hiyo kompyuta ya kwanta inapaswa kulinganishwa na mbinu bora za kawaida, na si na mashine inayohesabu moja baada ya nyingine.

### Majaribio ya kampuni

Kampuni kadhaa zimejaribu kompyuta za kwanta katika kazi halisi:

* Volkswagen ya Ujerumani ilishirikiana na D-Wave. Mwaka 2017 ilitumia kumbukumbu za safari za teksi za Beijing kutafuta jinsi ya kugawa njia ili foleni zipungue kati ya mji na uwanja wa ndege. Mwaka 2019 iliongoza njia za mabasi tisa mjini Lisbon, Ureno, wakati wa mkutano mkubwa wa teknolojia.
* Airbus ilianzisha mwaka 2019 shindano la kutatua maswali ya usafiri wa anga kwa kompyuta za kwanta. Washindi walishughulikia upakiaji wa mizigo ndani ya ndege, ambapo uzito, nafasi na mlingano wa ndege huzingatiwa pamoja.
* BMW ilifanya shindano lake mwaka 2021 pamoja na kampuni ya Amazon. Maswali yalikuwa manne: mahali pa kuweka vihisi vya gari, jinsi chuma kinavyojikunja kikishinikizwa, uchaguzi wa magari ya majaribio, na ukaguzi wa ubora kwa kutumia picha.
* Ford Otosan, kampuni ya magari ya Uturuki, ilitangaza mwaka 2025 kwamba inatumia programu ya D-Wave kupanga mfuatano wa kuunganisha magari ya Ford Transit. Kwa maelezo ya kampuni hizo, kupanga magari 1,000 kulichukua dakika 30 hapo awali na sasa huchukua chini ya dakika 5.

Mashine za D-Wave ni tofauti na kompyuta za IBM au Google. Swali huandikwa kama milima na mabonde ya nishati, nazo kyubiti hutulia polepole kuelekea bonde la chini, ambalo ndilo jibu bora au lililo karibu nalo. Programu zinazotumiwa viwandani ni mseto: sehemu kubwa ya kazi hufanywa na kompyuta za kawaida na sehemu nyingine na mashine ya kwanta. Kwa sababu hiyo si rahisi kujua ni kiasi gani cha mafanikio kinatokana na kwanta na kiasi gani kinatokana na kuliandika swali upya kwa uangalifu.

### Kemia na malighafi

Katika kemia hoja ni ya namna nyingine. Elektroni za molekuli zenyewe hufuata kanuni za kwanta, na kuzieleza kikamilifu kwa kompyuta ya kawaida huhitaji kumbukumbu inayoongezeka maradufu kwa kila kyubiti inayoigwa. Kyubiti 50 huhitaji namba zaidi ya milioni bilioni moja. Kyubiti 300 zingehitaji namba nyingi kuliko atomu zote za ulimwengu unaoonekana. Hapa ndipo hoja ya Feynman inapogusa kiwanda.

Mfano unaotajwa sana ni mbolea. Viwanda hutengeneza amonia kwa njia ya Haber na Bosch, kwa kuunganisha nitrojeni ya hewa na hidrojeni kwenye joto la sentigredi 400 hadi 500 na shinikizo linalozidi mara mia moja lile la hewa ya kawaida. Njia hiyo hukadiriwa kutumia asilimia 1 hadi 2 ya nishati yote inayotumiwa duniani. Bakteria wanaoishi katika mizizi ya maharage, kunde na karanga hufanya kazi kama hiyo kwenye joto la kawaida la udongo, wakitumia kimeng'enya kiitwacho nitrojenasi. Kiini cha kimeng'enya hicho kina atomu za chuma na molibdeni, na elektroni zake zimefungamana kwa namna iliyo ngumu mno kuigwa na kompyuta za kawaida. Mwaka 2017 watafiti wa Microsoft na wa chuo kikuu cha ETH Zürich walichapisha makadirio ya kompyuta ya kwanta inayohitajika kuchunguza mwenendo huo.

Kuelewa kimeng'enya si sawa na kupata mbolea nafuu. Baada ya hesabu bado inahitajika maabara ya kutengeneza kichocheo, na baada ya maabara kiwanda cha kukijaribu. Hata hivyo nchi zinazonunua mbolea kutoka nje, zikiwemo nyingi za Afrika, zina sababu ya kufuatilia utafiti huu, kwa kuwa bei ya mbolea hupanda na kushuka pamoja na bei ya gesi asilia.

Mfano mwingine ni betri. Mwaka 2020 IBM na Daimler, iliyokuwa kampuni mama ya Mercedes-Benz, zilitangaza kwamba zimeiga molekuli ndogo zinazohusiana na betri za lithi na salfa. Molekuli hizo zilikuwa ndogo kiasi kwamba kompyuta ya kawaida ingezimudu. Jaribio lilionyesha njia tu.

## Vihisi vya kwanta

### Ukaguzi kiwandani

Kihisi kinachovutia viwanda zaidi hutengenezwa kwa almasi. Ndani ya almasi, atomu moja ya kaboni hubadilishwa kwa nitrojeni na nafasi iliyo jirani huachwa wazi. Ikimulikwa kwa leza ya kijani, sehemu hiyo hutoa mwanga mwekundu, na ukali wa mwanga huo hubadilika kulingana na usumaku uliopo. Faida yake ni kwamba hufanya kazi katika joto la kawaida, bila mitambo ya kupooza.

Kwa kihisi hicho inawezekana kufuata mkondo wa umeme ndani ya chipu bila kuipasua, na kuona mahali penye kasoro. Mwaka 2022 watafiti wa Japani walikitumia kupima mkondo wa betri ya gari la umeme kwa usahihi wa miliampea 10, katika kipimo kinachofika mamia ya ampea. Vihisi vya kawaida havina usahihi huo, hivyo magari huacha akiba ya betri isiyotumika ili kujikinga na makosa ya vipimo. Kipimo bora kinaweza kupunguza akiba hiyo, na hivyo gari kwenda mbali zaidi kwa betri ileile.

### Saa na urambazaji

Tangu mwaka 1967 sekunde hufafanuliwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya mnururisho wa atomu ya sesi. Satelaiti za GPS hubeba saa za atomu, na kosa la milioni ya sekunde humaanisha kosa la takribani mita 300 duniani. Kila meli, lori au kontena linalofuatiliwa kwa satelaiti linategemea saa hizo.

Udhaifu wake ni kwamba mawimbi ya satelaiti hufika yakiwa hafifu na yanaweza kuzibwa au kughushiwa. Kwa sababu hiyo watafiti wanatengeneza vifaa vya kujua mahali bila satelaiti, kwa kupima jinsi atomu zilizopoozwa kwa leza zinavyosogea chombo kinapobadilisha mwendo. Chuo cha Imperial cha London kilijaribu kifaa cha namna hiyo ndani ya meli ya majaribio ya jeshi la majini la Uingereza mwaka 2023. Mwaka 2024 mifumo mingine ya urambazaji wa kwanta ilijaribiwa angani ndani ya ndege nchini humo.

### Kupima mvutano wa ardhi

Atomu zilizopoozwa hupima pia tofauti ndogo za mvutano wa dunia. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walitangaza kwamba wamegundua kwa njia hiyo handaki lililofukiwa chini ya ardhi, nje ya maabara. Kipimo hicho kinaweza kusaidia kutafuta madini, au kukagua ardhi kabla ya kujenga reli, gati au kiwanda.

## Usalama wa mawasiliano

Kampuni za mnyororo mmoja hupeana kila siku michoro, oda, hati za forodha na malipo. Nyingi hulindwa kwa usimbaji ambao algoriti ya Shor inaweza kuuvunja, pindi kompyuta ya kwanta yenye ukubwa wa kutosha itakapopatikana. Mwaka 2019 ilikadiriwa kwamba kazi hiyo ingehitaji kyubiti milioni 20. Mwaka 2025 makadirio mapya ya mtafiti wa Google yaliishusha namba hiyo chini ya milioni moja.

Hatari haisubiri siku hiyo. Anayenasa ujumbe leo anaweza kuuhifadhi na kuufungua baadaye, na mchoro wa injini au mchanganyiko wa dawa huweza kubaki siri ya thamani kwa miaka mingi. Aidha, mitambo ya kiwanda hukaa kazini kwa miongo, na programu zake hukubali mabadiliko yenye saini ya kidijitali. Saini ikighushiwa, mtambo unaweza kuamriwa na mgeni.

Njia ya kwanza ya kujikinga ni usimbaji mpya unaotumia hesabu ambazo hata kompyuta ya kwanta haijulikani kuzimudu. Tarehe 13 Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani (NIST) ilitoa viwango vitatu vya kwanza vya aina hiyo. Usimbaji huo huendeshwa na kompyuta za kawaida.

Njia ya pili ni kugawana ufunguo wa siri kwa fotoni. Mpango wa kwanza ulitolewa na Charles Bennett na Gilles Brassard mwaka 1984. China ilirusha satelaiti ya Micius kwa kazi hiyo mwaka 2016, na mwaka 2017 ilifungua njia ya mawasiliano ya takribani kilomita 2,000 kati ya Beijing na Shanghai. Njia hii huhitaji vifaa maalumu, na fotoni hupotea katika nyaya ndefu. Kwa sababu hizo mamlaka za usalama za Marekani na Uingereza hupendekeza usimbaji mpya kwanza.

## Changamoto

* Makosa: kyubiti hukosea mara nyingi kuliko saketi za kawaida. Ili kupata kyubiti moja ya kutegemewa huhitajika nyingi zinazorekebishana. Mwezi Desemba 2024 Google ilionyesha kwa chipu yake ya Willow, yenye kyubiti 105, kwamba makosa yanaweza kupungua kadiri kundi la kyubiti linavyoongezeka.
* Baridi: kompyuta za IBM na Google hufanya kazi karibu na sentigredi -273, ndani ya majokofu ghali yanayotumia heli-3, gesi iliyo adimu.
* Takwimu: mpango bora hutegemea taarifa sahihi. Kama ghala halijui lina magunia mangapi, kompyuta yenye kasi zaidi itatoa mpango mbaya kwa haraka zaidi.
* Ulinganisho: matangazo mengi hutolewa na kampuni zinazouza mashine zenyewe. Faida inathibitika pale tatizo lilelile linapotatuliwa pia kwa mbinu bora ya kawaida, na muda, gharama na ubora wa majibu vikalinganishwa.
* Wataalamu: kazi huhitaji watu wanaoelewa fizikia, programu na shughuli za kiwanda kwa pamoja, na watu hao ni wachache.

## Afrika

Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Johannesburg kilikuwa cha kwanza barani Afrika kujiunga na mtandao wa IBM wa kompyuta za kwanta, na mwaka 2021 Afrika Kusini ilianzisha mpango wa taifa wa teknolojia hiyo. Mjini Kigali, Rwanda, Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati (AIMS) ilianzisha kituo kiitwacho Quantum Leap Africa. Ghana iliwasilisha katika Umoja wa Mataifa pendekezo lililofanya mwaka 2025 uwe Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwanta.

Kwa kuwa baadhi ya kompyuta za kwanta hutumika kupitia intaneti, mwanafunzi anaweza kuandika na kujaribu programu ndogo bila kuwa na mashine hiyo nchini mwake. Kwa benki, bandari na mamlaka za forodha, kazi ya karibu zaidi ni kubadilisha usimbaji, ambayo haihitaji kununua kompyuta ya kwanta.

## Tazama pia

* Fizikia ya kwanta
* Kompyuta
* Algoriti
* Saa ya atomu
* Mbolea
* GPS